Daftari la ukame: mwongozo kamili wa kufuatilia ukame na kuandaa kijiji, Dodoma na kanda ya kati

Februari moja nilikaa kwenye mkutano wa kijiji wilayani Chamwino. Mahindi yalikuwa yamejikunja majani kama sigara, uwele ulikuwa bado unajikaza, na ajenda ilikuwa moja tu: njaa. Mtendaji akauliza swali jepesi: mvua ya mwisho ilinyesha lini? Mmoja akasema wiki mbili, mwingine mwezi. Mama mmoja akakumbuka kwamba ilinyesha siku ya mazishi ya jirani yake, na hapo ndipo tulipopata tarehe. Siku kumi na tisa. Karibu saa nzima iliishia kutafuta namba ambayo kipima mvua kingetupa kwa dakika moja.

Na tulipoipata, hatukujua tuifanyie nini. Hakuna aliyewahi kusema kwamba siku kumi na tisa kavu mwezi Februari maana yake ni kufanya jambo fulani. Tukafunga mkutano kwa sala.

Vijiji vingi vya huku havikosi dalili. Wazee wanaziona kabla ya satelaiti. Kinachokosekana ni dalili hizo kuandikwa, na uamuzi kufungwa kwenye namba kabla hofu haijaingia. Huo ndio mpango wa mwongozo huu. Utahitaji daftari gumu, kalamu, rula, kamba, na watu watatu wasiochoka haraka.

Kwanza, ujue ukame wa huku unavyotembea

Dodoma hupata wastani wa milimita kama 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili. Msimu ni mmoja. Ukiharibika, hakuna vuli ya kuokoa jahazi kama kwa wenzetu wa Pwani au Kilimanjaro. Unasubiri miezi saba.

Jumla ya mvua nayo hudanganya. Unaweza kupata milimita 550, yaani mwaka wa kawaida kabisa kwenye karatasi, na bado usivune kitu, kwa sababu mvua ilikatika wiki tatu Februari wakati mahindi yanatoa mbelewele. Kwa hiyo tunafuatilia mambo manne yanayofuatana: mvua inakatika, udongo unakauka, maji yanapungua, kisha sufuria inakuwa nyepesi. Kati ya jambo la kwanza na la nne hupita miezi mitatu, minne, hata sita. Hiyo miezi ndiyo mtaji wako.

Wagogo wana jina la njaa iliyoipiga nchi yao miaka ya 1917 hadi 1920: Mtunya. Jeshi lilichukua ng'ombe, nafaka na wanaume kwa ajili ya vita vya Wazungu, na mvua ilipogoma hapakubaki akiba ya kuuza wala mikono ya kulima. Naitaja kwa sababu moja. Ukame uliikuta nyumba ikiwa tupu tayari. Daftari lako lisiishie kwenye mvua, lichungulie na ghala.

Hatua ya 1: Chagua watunza daftari

Watatu wanatosha: mmoja wa mvua, mmoja wa maji, mmoja wa mnada na chakula. Wasiwe wote viongozi. Mwenyekiti ana vikao, mtendaji huhamishwa. Mtu mzuri wa mvua ni yule anayeamka mapema na hasafiri ovyo. Mara nyingi ni mama mwenye kigenge au fundi cherehani.

Watu hupenda kuweka kipima mvua shuleni. Wazo si baya, lakini shule hufungwa Desemba, na Desemba ndiyo mvua zinaanza. Nimeona daftari la shule lililojaa sifuri safi za Septemba na Oktoba, halafu wiki nne za kwanza za msimu ni kurasa tupu. Ukikiweka shuleni, mwalimu anayeishi pale pale aachiwe kazi kwa jina lake.

Kisheria watu hawa wana pa kuegemea. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Namba 6 ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Waingizwe humo kwenye mkutano mkuu na muhtasari uandikwe, ili siku wakisema "tumefika nyekundu", ile rangi ya hatari tutakayoipanga Hatua ya 8, isionekane ni maneno yao binafsi.

Hatua ya 2: Pima mvua mwenyewe

Kipima mvua cha plastiki cha dukani ni bora. Kama hakuna, chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye kiwiliwili kilichonyooka. Kata sehemu ya mabega, uigeuze kichwa chini ndani ya chupa kama faneli. Chini ya chupa pana mabonde, kwa hiyo weka kokoto safi, mimina maji hadi yafike pale chupa inapoanza kunyooka, na uchore mstari. Huo ndio sifuri. Bandika rula yenye milimita kuanzia hapo kwenda juu. Maji yakipanda milimita 12 juu ya mstari, imenyesha milimita 12, yaani lita 12 kwenye kila mita moja ya mraba ya shamba.

Kifunge kwenye nguzo uwazini, mdomo ukiwa sawasawa, mbali na nyumba au mti kwa angalau mara mbili ya urefu wake. Chini ya mwarobaini utakuwa unapima mwarobaini.

Soma kila siku saa tatu asubuhi, saa ile ile wanayosoma watu wa vituo vya hali ya hewa. Ukishasoma, rudisha maji kwenye mstari wa sifuri. Jua la Dodoma litakuwa limeyapunguza, hivyo siku kavu unaongeza kidogo. Halafu andika. Haikunyesha? Andika 0. Hukusoma? Andika "sikusoma". Nafasi tupu ni sumu ya daftari, kwani mwakani hakuna atakayejua kama ilikuwa siku kavu au msomaji alikwenda harusini.

Kila mwezi una mafungu matatu: tarehe 1 hadi 10, 11 hadi 20, na 21 hadi mwisho. Wataalamu huyaita dekadi. Jumlisha kila fungu. Fungu lenye chini ya milimita 10 katikati ya msimu mimi naliita kavu, na mafungu mawili makavu mfululizo naandika kwa wino mwekundu.

Daftari la mwaka wa kwanza halina cha kulinganisha nalo. Muombe afisa kilimo wa kata au wilaya akutafutie makadirio ya mvua ya satelaiti ya eneo lako. Yapo ya bure yanayoanzia mwaka 1981, kwa vipande vya takriban kilomita tano kwa tano. Hayalingani na kipima chako tone kwa tone, lakini yatakuonyesha kawaida ya Januari pale kwenu. Ukikuta kwenye ripoti namba inayoitwa SPI, ujue inalinganisha mvua ya kipindi na kawaida ya mahali hapo: sifuri ni kawaida, hasi 1 ni ukame wa wastani, hasi 1.5 ni mkali, hasi 2 kushuka chini ni mkali kupindukia.

Hatua ya 3: Sikiliza utabiri unaokuhusu

Hapa watu wengi huumia bila sababu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri tofauti kwa maeneo tofauti. Ule wa vuli, unaovuma redioni kabla ya Oktoba, ni wa mikoa yenye misimu miwili: kanda ya Ziwa, nyanda za juu kaskazini mashariki, pwani ya kaskazini. Dodoma na Singida zimo kwenye utabiri wa msimu, wa Novemba hadi Aprili, unaotolewa baadaye kidogo. Nimewahi kumkuta mtu ameuza mbegu zake baada ya kusikia "vuli chini ya wastani". Vuli ya nani?

Utabiri wa msimu ukitoka, usiishie kwenye ile ramani yenye rangi. Tafuta mambo matatu: mvua zinatarajiwa kuanza wiki gani, zinaisha lini, na kama wametaja vipindi virefu vya ukavu katikati. Hayo yana faida kwa mkulima kuliko neno "wastani". Uandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari na tarehe uliyoupata. Kisha usomwe kwenye mkutano kabla watu hawajanunua mbegu. Kuna mwaka kijiji kimoja kiliubandika ukutani ofisini, mbegu zikiwa zimeshaota mashambani.

Na dalili za wazee? Ziandikeni pia. Mibuyu imetoa majani lini, dudumizi amelia lini, upepo umegeuka lini. Sizicheki, wala sizipi kura peke yake. Baada ya miaka mitano daftari lenyewe litasema ipi inasema kweli.

Hatua ya 4: Chimba, usitazame tu

Shamba linaweza kuwa la kijani juu na kavu chini. Chagua mashamba matatu, la juu, la katikati na la bondeni. Kila baada ya siku kumi chimba kwa jembe kina cha sentimita 20 hadi 30, chukua udongo wa chini, ufinyange. Ukishikana kama tonge la ugali, mmea una maji. Ukishikana ukavunjika ukiugusa, una siku chache. Ukitiririka vidoleni kama unga, andika "kavu" na tarehe.

Andika pia zao lilipofikia. Mahindi yakikosa maji yakiwa magoti yanaweza kujirudi. Yakikosa maji wakati wa mbelewele hayajirudi hata ikinyesha gharika. Mtama una tabia ya kusimama usingizini na kuamka mvua ikirudi. Uwele ni mgumu zaidi ya wote, na hii si siasa ya wataalamu, ni mwili wa mmea wenyewe.

Mvua za kudanganya ni tatizo la kila mwaka. Kanuni inayotumika sana: usihesabu kwamba msimu umeanza hadi upate angalau milimita 20 ndani ya siku mbili tatu, na ukavu wa zaidi ya siku kumi usifuate. Sehemu ya pili huwezi kuijua siku ya kupanda, ndiyo maana mbegu zote zisiingie ardhini kwa mara moja. Weka theluthi kando. Anayeberega, yaani kupanda bila kulima ili awahi mvua, anaifahamu hasara ya kurudia kupanda huku mfuko wa mbegu uko mtupu.

Hatua ya 5: Maji

Lambo: simika mti wenye alama za sentimita kumi kumi mahali pa kina zaidi, usome kila Jumatatu. Kiangazi cha kanda ya kati jua peke yake linaweza kunywa sentimita 15 hadi 20 kwa mwezi, ng'ombe hawajafika. Lambo lenye mita moja Juni si la kupigiwa hesabu Novemba.

Kisima cha kuchimba kwa mkono: kamba yenye jiwe na mafundo, pima kutoka mdomoni hadi usawa wa maji alfajiri kabla hakijachotwa. Kwenye bomba la pampu huwezi kuona maji, basi hesabu ndoo zilizopangwa foleni saa kumi na mbili asubuhi, na sekunde za kujaza ndoo moja ya lita 20. Sekunde zikiongezeka mara mbili, una habari. Kwenye makorongo ya mchanga pima kina wanachochimba kina mama kabla ya kukuta maji. Bei ya ndoo kwa mwenye punda au guta iandikwe pia, haijawahi kunidanganya.

Maji ya chini ya ardhi hayaendi kwa mwendo wa mvua. Kumbukumbu ndefu za bonde la Makutupora, linalolisha jiji la Dodoma, zinaonyesha kwamba ardhi hujazwa sana na misimu michache yenye mvua kubwa mno, kama ule wa El Niño wa 1997/98, na kati yake usawa hushuka mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo msitangaze kuwa kisima kimepona kwa sababu mwaka huu tumevuna. Kipimeni.

Hesabu mahitaji mapema. Mtu mmoja lita 20 kwa siku, chini ya lita 15 ni shida tupu. Familia ya watu sita ni ndoo sita. Ng'ombe mzima weka lita 30, mbuzi lita 4. Zidisha kwa mifugo ya kijiji halafu linganisha na kinachotoka. Hesabu hii ikae mezani kwa chombo cha watumia maji na kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, mwezi Mei. Oktoba kila kijiji kinaomba fundi wa pampu siku moja.

Hatua ya 6: Nenda mnadani na kalamu

Kama ningeambiwa nibakize kipimo kimoja tu, ningebaki na hiki: mbuzi mmoja ananunua debe ngapi za nafaka?

Kila mnada andika bei ya mbuzi dume wa wastani. Chagua aina moja ya mbuzi uing'ang'anie. Usimlinganishe beberu wa Januari na mtoto wa mbuzi wa Machi. Siku hiyo hiyo andika bei ya debe la mahindi na la mtama. Gawanya. Tuchukue mfano wa kujifunzia: mbuzi shilingi 80,000, debe 16,000, jibu ni 5. Baada ya miezi miwili mbuzi 60,000, debe 20,000, jibu ni 3. Bei hizo mbili, kila moja peke yake, zisingekushtua. Kila mtu angesema "soko limechafuka kidogo". Lakini mfugaji amepoteza debe mbili kwa kila mbuzi, na mbuzi hajakonda bado.

Kinachotokea ni hiki. Mvua ikikatika, wenye akiba ya nafaka wanaishikilia, debe linapanda. Wasio na nafaka wanaleta mbuzi wengi mnadani kwa pamoja, mbuzi anashuka. Kisha malisho yanaisha, ng'ombe wanakonda, mnunuzi kutoka mjini anawapapasa mbavu na kutaja bei ya ngozi. Mwenye kuuza mwezi wa kwanza wa mteremko anakula mwaka mzima. Anayesubiri anauza ng'ombe watatu kwa bei ya mmoja, na mara nyingine hauzi, anachuna.

Najua ugumu uliopo. Ng'ombe si pesa tu. Ni mahari, ni heshima, ni ile jioni mzee anapohesabu zizi. Mkoa huu unakumbuka pia amri za kutoka juu: mwaka 1979, chini ya mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, mifugo iliondolewa eneo la mmomonyoko la Kondoa. Mabonde yalirudi kuota, ila watu wengi walibaki na kinyongo. Sisemi watu waamrishwe kuuza. Nasema familia ikae Novemba, baba, mama na vijana, iandike: mbuzi wetu akishuka hadi debe 3, tunauza wanne na dume lile jeupe, tununue mtama siku hiyo hiyo. Majike wanaozaa na mitamba michanga hawaguswi. Uamuzi wa Novemba ni wa kichwa. Wa Machi ni wa machozi.

Wanaobaki watafutiwe chakula mapema. Mabua ya mtama na ya karanga yakusanywe baada ya mavuno yawekwe juu ya kichanja, yasiachwe yaliwe yote kwa wiki mbili. Maganda ya migunga yanayodondoka kiangazi yaokotwe na kuwekwa guniani. Mbuzi huyapenda kuliko majani. Mashudu ya alizeti Dodoma na Singida hayakosekani, nayo ni rahisi msimu wa kukamua, si Oktoba.

Onyo moja ambalo nimeona likipuuzwa. Mtama mchanga ulionyauka, au ule unaochipua upya kwenye visiki baada ya mvua ndogo, una sumu ya sianidi. Ng'ombe mwenye njaa akivamia anaweza kufa kwa dakika chache. Usiwaingize hadi machipukizi yavuke magoti vizuri.

Hatua ya 7: Jikoni

Watunza daftari wachague kaya kumi za hali tofauti, wawaulize kila mwezi maswali matatu, bila kuhoji kipolisi. Jana mlipika mara ngapi? Nafaka iliyobaki itafika lini? Kuna aliyekwenda kutafuta kibarua? Nje ya nyumba kuna mashahidi wengine: magunia ya mkaa yanayopangwa kando ya barabara kuu yakiongezeka ghafla, ujue watu wameanza kula miti. Darasani madawati yanapungua watu.

Kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mhudumu wa afya ngazi ya jamii ana utepe wa kupimia mkono. Milimita 125 kwenda juu ni kijani, 115 hadi chini kidogo ya 125 njano, chini ya 115 nyekundu, na wa nyekundu haendi kwenye kikao, anakwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Funga kila namba kwenye tendo

Sasa kazi yenyewe. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla ya mvua, andikeni rangi tatu na kwa kila rangi nani anafanya nini ndani ya siku ngapi. Huu hapa mfano. Namba zake mzibadilishe kwa hali yenu.

Njano: mafungu mawili makavu mfululizo kati ya Desemba na Machi, au udongo "kavu" kwenye mashamba mawili kati ya matatu, au mbuzi ameshuka debe moja na nusu kutoka bei ya Novemba. Ndani ya siku saba: mkutano, kila kaya inahesabu ghala lake, pampu zote zinakaguliwa, wanaoweza kupanda tena wanapanda kunde, choroko au uwele wa muda mfupi na si mahindi, na kuuza pombe ya nafaka kunapunguzwa kwa makubaliano. Hili la pombe litaleta kelele. Liwekeni kabla hakuna mwenye kiu.

Nyekundu: dalili mbili za njano zimekaa zaidi ya wiki tatu na imeongezeka moja ya hizi, lambo chini ya nusu ya usawa wa kawaida wa mwezi huo, au kaya tatu kati ya kumi zimebaki na nafaka ya chini ya mwezi mmoja. Ndani ya siku tatu: barua kwa mtendaji wa kata ikiwa na nakala ya kurasa za daftari, ratiba ya maji inayotenganisha zamu ya watu na ya mifugo, mifugo iliyopangwa kuuzwa inaondoka, na orodha ya wazee wanaoishi peke yao, wajawazito na wagonjwa inapitiwa.

Nyeusi ni ya wilaya na taifa. Kijiji kikifika huko kimechelewa, na kazi yake ni kusimamia ugawaji usio na upendeleo kwa orodha iliyosomwa hadharani.

Kwa nini dalili mbili kwa nyekundu? Kwa sababu moja hukosea. Bei ya mbuzi hushuka pia kwa ugonjwa au mnada kufungwa. Mkipiga yowe mara mbili bila chui, ya tatu hakuna atakayetoka na rungu.

Hatua ya 9: Akiba

Hesabu ya ghala ni fupi. Mtu mmoja huhitaji karibu gramu 400 za nafaka kwa siku, kilo 12 kwa mwezi. Familia ya sita ni kilo 72, debe nne hivi. Kutoka mavuno ya Mei hadi Aprili ni kilo 864, tuseme gunia tisa za kilo mia, na mbegu juu yake. Fanya hesabu hiyo Juni, mlanguzi akiwa mlangoni, ndipo ujue unauza ziada au unauza Januari yako. Mtama na uwele hukaa kuliko mahindi. Mahindi yawekwe kwenye mifuko ya kuzuia hewa, ile inayoitwa PICS au kinga njaa. Bila hiyo dumuzi atakuachia unga na maganda.

Mahindi na karanga zilizoteswa na ukame shambani hushikwa zaidi na sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, si historia ya mbali. Kausha juu ya turubai, si juu ya vumbi. Yaliyooza, yaliyobadilika rangi au yaliyotobolewa yatenge na uyatupe, hata mwaka wa njaa. Mwaka wa njaa hasa.

Mboga nazo ni akiba. Mlenda, majani ya kunde na ya maboga yakikaushwa Machi kivulini yanavusha nyumba hadi Novemba.

Shambani, kamata maji yaliyopo. Mashimo ya Chololo, yaliyoanzia kijiji cha Chololo hapa hapa Dodoma, ni ya upana wa shubiri moja na kina cha sentimita 20 hadi 30, yakiachana sentimita 60 kwenye mstari na 90 kati ya mistari. Samadi kidogo ndani, mbegu juu. Ni kazi ngumu, usidanganywe. Anza na robo ekari wakati wa kiangazi. Mwenye jembe la ng'ombe afanye matuta fungo, yaani yenye vizuizi vidogo katikati ili maji yasikimbie. Kuhusu mbegu, mtama wa Macia na uwele wa Okoa hukomaa mapema. TARI Hombolo, kituo cha utafiti wa kilimo, wapo karibu na kazi yao ndiyo hiyo. Na visiki vya miti vilivyo hai shambani visichomwe, chagua machipukizi mawili matatu yakue. Ndiyo Kisiki Hai hiyo.

Hatua ya 10: Peleka juu kwa lugha ya namba

Barua inayosema "wananchi wana hali mbaya" ipo mezani kwa kila mkurugenzi. Yako iseme: tangu tarehe 21 Januari hadi 20 Februari tumepata milimita 14, mbuzi kutoka debe 5 hadi 2.5, lambo limebaki sentimita 60, kaya 4 kati ya 10 hazifiki Machi. Wilaya hutumia taarifa za aina hii kwenye tathmini ya MUCHALI, mfumo wa uchambuzi wa uhakika wa chakula na lishe, na tathmini ndiyo inayofungua njia ya mahindi ya bei nafuu ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Taja mnachoomba, kiasi gani, na lini. Chukua saini ya aliyepokea.

Baada ya mavuno

Mei au Juni kaeni na daftari nusu siku. Njano iliwaka tarehe ngapi na mkutano ulifanyika tarehe ngapi? Nani aliuza kwa wakati na alipata debe ngapi, nani hakuuza na kwa nini? Namba gani ilipiga kelele bure? Rekebisheni vipimo hapo hapo, wino mwingine, tarehe juu.

Kisha pigeni picha kila ukurasa kwa simu mbili tofauti, na nakala ya mkono ikae nyumba nyingine mbali na ofisi ya kijiji. Daftari la kwanza nililolifahamu liliandikwa misimu minne bila kukosa siku, likawekwa kwenye kabati la mbao ofisini, likaliwa na mchwa.